Redio ilisema na mzazi, runinga ikamgeukia mtoto

Mwaka 1975, habari za mlo wa mtoto zilisikilizwa kwa pamoja katika vijiji vya Tanzania. Watu walikusanyika kwenye makundi ya kusikiliza redio, kila kundi na kiongozi wake, wakifuatilia vipindi vya kampeni ya Chakula ni Uhai. Miaka 2 kabla yake ilikuwapo Mtu ni Afya, iliyovuta takriban watu milioni 2 nchi nzima. Kipindi kikiisha, mjadala ulianza: tunakula nini, tunakosa nini, tulime nini. Aliyezungumziwa alikuwa mtoto. Aliyeambiwa alikuwa mzazi.

Leo, Nachingwea na Ruangwa, kusini mwa nchi, sauti inayosifia chakula hutoka zaidi kwenye runinga, na mara nyingi humlenga mtoto mwenyewe, yeye naye akamwendee mzazi.

Kusini mipango ya chakula iliyobuniwa mbali si jambo geni. Mwishoni mwa miaka ya 1940 Waingereza waliingiza mitambo Nachingwea kufyeka pori walime karanga. Wazo lilitoka kwa Frank Samuel, kiongozi wa United Africa Company, kampuni tanzu ya Unilever, na shabaha ilikuwa mafuta ya kula na majarini kwa ajili ya meza za Uingereza. Reli ilijengwa kutoka pwani ya Mtwara. Mwaka 1951 mpango ulifutwa, pauni milioni 36 zikiwa zimepotea. Karanga zikabaki zilikokuwa tangu awali, kwenye mashamba ya wenyeji na kwenye uji wa watoto wao.

Runinga ilichelewa kufika. Zanzibar ilianza na ya rangi miaka ya 1970, lakini kwa serikali ya Mwalimu Nyerere huku bara chombo hicho kilikuwa anasa. Milango ilifunguliwa baada ya sheria ya utangazaji ya 1993. Mwaka uliofuata vituo binafsi vilianza Dar es Salaam, ITV ya Reginald Mengi ikiwa miongoni mwao. Kundi lake la IPP lilimiliki pia Bonite Bottlers ya Moshi, inayojaza soda za Coca-Cola. Mwaka 2013 Bakhresa, watengenezaji wa juisi, soda na aiskrimu za Azam, nao walianzisha Azam TV. Hakuna kosa la kisheria katika hilo. Ila mtazamaji ajue kwamba tangu mwanzo baadhi ya runinga zetu na vinywaji vitamu vimetoka mikono ileile.

Mwaka huohuo wa 1994, vituo binafsi vilipoanza, lilitokea jambo jingine lisilokumbukwa sana. Tanzania ilipitisha kanuni za kudhibiti uuzaji wa maziwa mbadala ya mama, kwa kufuata mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 1981. Kampuni zilizuiwa kutangaza bidhaa hizo kwa umma. Kanuni hazikumwambia mama mwenye kichanga, "Hilo ni jukumu lako, jitetee." Zilitambua kwamba tangazo lililosukwa na wataalamu kwa fedha nyingi si mshindani wa saizi yake.

Marekani ilikwama hasa katika swali hilo la nani awajibike kumkinga mtoto dhidi ya tangazo. Tangu miaka ya 1950 kampuni za huko zilikuwa zikiuza konifleksi zilizopakwa sukari kwa kutumia wanyama wa katuni, kama chui milia Tony wa Kellogg's. Mwaka 1968 Peggy Charren na akina mama wenzake wa jimbo la Massachusetts walianzisha chama cha kupigania vipindi bora vya watoto. Mwaka 1978 Tume ya Biashara ya nchi hiyo, FTC, ilipendekeza kuzuia matangazo ya runinga kwa watoto wadogo. Gazeti la Washington Post liliikejeli kwa kuiita yaya wa taifa: kulea ni kazi ya wazazi. Kampuni za chakula na vituo vya runinga navyo vilipiga kelele, na mwaka 1980 Bunge likaipunguzia Tume mamlaka yake. Quebec, Kanada, ilipita njia nyingine mwaka huohuo kwa kupiga marufuku matangazo ya biashara kwa watoto chini ya miaka 13. Chile nayo, mwaka 2016, iliamuru katuni ziondolewe kwenye maboksi ya vyakula vyenye sukari nyingi. Chui Tony akatoweka madukani.

Nachingwea na Ruangwa konifleksi si chakula cha kila nyumba. Asubuhi bado ni ya chai, mihogo, viazi, maandazi au uji. Lakini ujanja uliobuniwa kuuza konifleksi umefika pamoja na soda, juisi za pakiti na biskuti. Ving'amuzi vimeingia majumbani, na ambaye hana huenda kibanda umiza, banda la kutazamia runinga kwa pamoja. Namungo, timu ya soka ya Ruangwa, ilipopanda Ligi Kuu mwaka 2019, mechi zake zilipata watazamaji wapya nyumbani kwake, na kila mechi huja na matangazo yake. Soda ya mililita 350 inaweza kuwa na gramu 35 za sukari au zaidi, sawa na vijiko 8 hivi vya chai. Hilo mtoto haambiwi.

Mzazi ana wajibu, na hakuna wa kumpokonya. Ndiye anayeamua hela ya shule inunue nini na kama karanga zitasagwa kwenye uji. Lakini hawezi kuwapo kwenye kibanda umiza kila mechi, wala kumwelewesha mtoto asichoweza kukielewa: mwaka 2004 chama cha wanasaikolojia wa Marekani kilieleza kwamba watoto wa chini ya miaka 8 kwa kawaida hawatambui kuwa tangazo lina nia ya kuwashawishi.

Kwa hiyo tunachohitaji ni kuongeza umri kwenye wazo tulilokwisha kulikubali. Wizara ya Afya, Taasisi ya Chakula na Lishe na Mamlaka ya Mawasiliano zikae pamoja ziweke kanuni ya matangazo ya vyakula vya sukari kwa watoto. Kama mwaka 1994 mama mwenye kichanga hakuachwa apambane na kampuni peke yake, hakuna sababu ya kumwacha peke yake mtoto huyo akitimiza miaka 6.