Zana Zenye Uhai: Zimelala au Wamelala?

Miongoni mwa barua zilizotufikia, moja ilitoka kwa mwalimu wa Kiswahili wa Sepuka, katika Wilaya ya Ikungi, Mkoa wa Singida. Mwalimu huyo amewabunia wanafunzi wake mchezo wa kuvaa uhusika, wa namna ile iliyoanza kuenea mwaka 1974, Gary Gygax na Dave Arneson walipotoa Dungeons & Dragons huko Marekani. Katika mchezo huo mmoja husimulia nchi ya kubuni, wenzake huishi humo kwa maneno, na kete huamua yatakayowapata. Nchi waliyoibuni wanafunzi wa Sepuka haina chuma wala umeme. Zana zake zote zina uhai: taa ni wadudu, nyumba huota, mlango hula. Basi mwanafunzi mmoja akaandika: "Taa zangu wamelala, tuwalishe kwanza." Mwalimu mwingine aliyesahihisha daftari akapiga mstari mwekundu, akaandika "zimelala, tuzilishe", na alama ikapotea. Tunaulizwa ni nani aliyekosea.

Swali hili lisidharauliwe kwa kuwa limetoka mchezoni. Mfasiri yeyote wa maandishi ya sayansi hukutana nalo, na historia ya msamiati wetu ina mengi ya kulijibu.

Lugha yetu imezoea safari ya upande wa pili, yaani kukipa chombo kisicho na roho jina la kiumbe. Mwaka 1915 ndege za Waingereza ziliruka juu ya delta ya Rufiji kuitafuta manowari ya Wajerumani, Königsberg. (Neno manowari lenyewe ni Kiingereza kilichovaa kanzu.) Chombo kile kiliitwa ndege, kwa jina la kiumbe mwenye mbawa, lakini sarufi haikudanganyika. Ndege wa mtini ametua. Ndege ya abiria imetua. Ndivyo ilivyokuwa kwa kifaru. Mnyama huyo, ijapokuwa jina lake lina kiambishi ki-, ana upatanisho wa viumbe: kifaru amejeruhiwa. Katika Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 habari za vifaru zilisikika kila siku, na wa vita akarudishiwa ki- yake: kifaru kimeteketezwa. Hata kimulimuli, yule mdudu wa usiku, alipopandishwa juu ya gari la polisi alipoteza a- yake, nasi twasema kimulimuli kinawaka.

Kwa hiyo upatanisho ni alama ya uamuzi. Jina hubaki lile lile. Kiambishi ndicho kinachotujulisha kama msemaji anakihesabu kitu kuwa kina nafsi au hakina.

Neno mzinga ni la namna nyingine, na watu wa Singida, mkoa wenye sifa ya asali, wanalijua vyema. Mzinga ni gogo lililotobolewa ndani ili nyuki wakae. Kwa kufanana umbo, ukawa pia silaha, ile ipigwayo mara 21 kwa heshima ya wakuu wa nchi. Hapa upatanisho haukubadilika, kwa sababu gogo halikuwa na nafsi tangu mwanzo. Mzinga umejaa, lakini nyuki wamehama. Mrina asali hawezi kuyachanganya hayo mawili, ingawa kwake mzinga na nyuki ni zana moja ya kazi.

Je, tunayo zana hai ya kweli, iliyofunzwa na kupewa kazi? Tunayo Morogoro. Tangu mwaka 2000 shirika la APOPO, likishirikiana na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, limekuwa likiwafunza panyabuku kunusa mabomu yaliyotegwa ardhini, na baadaye kutambua kifua kikuu katika makohozi. Panya hao ni wepesi, hivyo hupita juu ya bomu bila kulilipua. Mmoja wao, Magawa, aliyezaliwa Tanzania, aligundua zaidi ya mabomu 100 huko Kambodia, akatunukiwa nishani ya dhahabu kutoka Uingereza mwaka 2020, akafa mwaka 2022. Amefanya kazi ya kitambuzi, lakini hatujasikia Mswahili akisema kwamba Magawa "imeharibika". Kazi ya chombo haikumvua nafsi.

Turudi kwenye daftari. Aliyesahihisha aliona "zangu" na "wa-" katika sentensi moja, akadhani mtoto amechanganya ngeli. Lakini mfugaji husemaje? Husema: ng'ombe zangu wamelala. Huo ndio upatanisho wa majina ya viumbe yasiyobadilika katika wingi: kimilikishi hufuata umbo, kitenzi hufuata uhai. Mtoto wa Sepuka, ambako ng'ombe wako kila upande, aliifanya taa kuwa mfugo, kisha akaipatanisha kama mfugo, bila kuteleza hata mara moja. Hakukosea, na tumemwandikia mwalimu kwamba alama irudishwe.

Kwa istilahi yenyewe, tunapendekeza "zana hai". Wapo wanaopenda bioteknolojia, neno lililomo katika Sera ya Taifa ya mwaka 2010, lakini hilo ni jina la taaluma, wala haliwezi kulala au kulishwa. Upatanisho uamuliwe na kitu chenyewe: mdudu na mnyama wapewe a- na wa-, mmea ubaki katika ngeli yake. Nyumba iliyooteshwa kwa minyaa imekauka, haijafariki.

Uliobaki ni ule mlango. Umetengenezwa kwa mti, lakini hula, na barua yasema humkataa mgeni asiyempenda. Katika ngano zetu jiwe likisema hugeuka "akasema", maana hadithi humpa nafsi yeyote atakaye jambo. Tungeandika "mlango amekataa", ijapokuwa mmoja wetu ofisini bado anashikilia "umekataa", naye ameomba hoja yake ichapwe katika toleo lijalo.