Picha za Frick na Ujira wa Homestead

Leo tujiulize swali moja: mtu akidhulumu, kisha akatoa zawadi kubwa mwisho wa umri wake, je, deni limelipwa?

Henry Clay Frick alizaliwa mwaka 1849 huko Pennsylvania, Marekani. Akiwa na miaka 21 alianza biashara ya koki, yaani makaa ya mawe yaliyookwa tanurini mpaka yakafaa kuyeyushia chuma. Alipofika miaka 30 alikuwa milionea. Baadaye akashirikiana na Andrew Carnegie, tajiri mkubwa wa chuma, akawa msimamizi wa viwanda vyake.

Mwaka 1892 mkataba wa wafanyakazi wa kiwanda cha Homestead ulimalizika. Carnegie alikuwa Uskochi. Frick akataka kupunguza ujira na kuvunja chama chao. Akazungusha uzio, akafunga milango, wafanyakazi wakabaki nje. Alfajiri ya tarehe 6 Julai akaleta walinzi 300 wa kukodi kwa njia ya mto. Risasi zikarushwa mchana kutwa, wakafa watu wapatao 10 wa pande zote mbili.

Tarehe 23 Julai kijana Alexander Berkman akaingia ofisini kwa Frick, akampiga risasi na kumchoma. Frick akapona. Na wafanyakazi walipata nini? Hawakuongezewa hata senti. Dhuluma haiondolewi kwa dhuluma. Kufikia Novemba mgomo ulikuwa umeshindwa, na waliorudi kazini walirudi kwa masharti ya tajiri.

Naye pia alikuwa binadamu. Mwaka 1891 alimzika binti yake Martha, na mwaka uliofuata akamzika mtoto mchanga. Msiba wa mtu hatuucheki.

Sasa zingatieni. Frick alijaza picha za thamani katika jumba lake la Fifth Avenue, New York. Picha za Vermeer zinazojulikana duniani hazifiki 40, naye alikuwa na 3. Akafa mwaka 1919, akiwa ameusia jumba na picha ziwe za umma. Mwaka 1935 milango ikafunguliwa, na hadi leo watu wanaingia kutazama.

Zawadi ile ni nzuri, hatukatai. Lakini aliyepokea siye aliyekuwa anadai. Mjane wa Homestead hakudai picha ya Vermeer, alidai ujira wa mumewe.

Ndugu yangu, usiseme haya ni ya matajiri wa Marekani. Kuna anayetoa mchango mkubwa msikitini, jina likasomwa kwenye kipaza sauti, na dada wa kazi nyumbani kwake hajalipwa miezi mitatu. Kuna anayefuturisha mtaa mzima, na fundi aliyemjengea ukuta anazungushwa njoo kesho. Sadaka ni hiari yako, ujira ni haki ya mwenzio.

Kabla hujatoa Ijumaa hii, mpigie simu yule anayekudai. Anza na yeye.

Wabillahi tawfiq.