fleksoelektriki

nomino [i-], fizikia. Kivumishi: *-a fleksoelektriki*. Huandamana na: *athari ya fleksoelektriki, ugeuzaji wa fleksoelektriki.*

Maana

Sifa ya fuwele kioevu ya kutenganisha chaji chanya na chaji hasi pale mpangilio wa molekuli zake unapopindwa au kutawanywa. Na kinyume chake, mpangilio huo kupinda au kutawanyika pale fuwele inapowekwa katika uga wa umeme.

Ufafanuzi

Fuwele kioevu ni hali ya maada iliyo kati ya yabisi na kimiminika. Hutiririka kama mafuta, ilhali molekuli zake nyembamba huelekea upande mmoja kama njiti ndani ya kiberiti. Hali hiyo iligunduliwa mwaka 1888 na Friedrich Reinitzer, mtaalamu wa mimea wa Austria, alipoona dutu itokanayo na kolesteroli ikiyeyuka mara mbili: katika nyuzijoto 145.5 za Selsiasi ikawa uji wenye ukungu, na katika nyuzijoto 178.5 ukungu ukatoweka.

Mpangilio wa njiti hizo waweza kuvurugwa kwa namna tatu: *mtawanyo*, mfano wa vidole vya kiganja kilichokunjuliwa, *mpindo*, mfano wa upinde, na *msokoto*, mfano wa kamba. Mwaka 1969 Robert B. Meyer alieleza kwamba mtawanyo na mpindo huzaa utengano wa chaji. Molekuli zenye umbo la pea, nene upande mmoja, hujipanga vyema katika mtawanyo. Zenye umbo la ndizi hujipanga vyema katika mpindo. Kwa kuwa molekuli hizo zina upande chanya na upande hasi, kupangika kwa umbo ni kupangika kwa chaji pia. Msokoto peke yake hauna athari hiyo.

Asili ya neno

Sehemu ya kwanza yatokana na kitenzi cha Kilatini chenye maana ya *kupinda*. Meyer mwenyewe aliita athari hii *piezoelektriki*, neno lenye asili ya Kigiriki katika kitenzi cha *kukandamiza*, ambalo tayari lilitumika kwa fuwele yabisi kama kwatzi. Baadaye Pierre-Gilles de Gennes, aliyepata Tuzo ya Nobeli ya Fizikia mwaka 1991, alipendekeza jina jipya ili mambo mawili yasichanganywe. Kwa sababu hiyo, mfasiri asiyaweke maneno haya mawili kama visawe: katika piezoelektriki fuwele yabisi hukandamizwa au kuvutwa, katika fleksoelektriki ya fuwele kioevu kinachobadilika ni mwelekeo wa molekuli.

Kuchagua kitenzi: kuwasha, kuzima au kugeuza?

Hapa ndipo tafsiri nyingi hupotoka. Katika skrini nyingi za fuwele kioevu, nguvu inayozungusha molekuli hutegemea kipeo cha pili cha uga wa umeme, yaani ukubwa wa uga ukizidishwa kwa wenyewe. Kwa hiyo uga chanya na uga hasi hutenda sawa. Uga ukiwekwa, molekuli huzunguka. Ukiondolewa, hurudi zenyewe. Kwa skrini hizo vitenzi *washa* na *zima* vyafaa.

Fleksoelektriki hutegemea uga wenyewe, hivyo hutofautisha chanya na hasi. Mwaka 1987 J. S. Patel na Meyer walionyesha jambo hilo katika fuwele kioevu ya kolesteriki, ambayo molekuli zake hupangika kama ngazi ya kuzunguka. Uga uliowekwa kuvuka mhimili wa ngazi hiyo uliuinamisha mhimili wa mwanga upande mmoja. Ishara ya uga ilipobadilishwa, uliinama upande wa pili. Mwendo huo huchukua muda ulio chini ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Kitenzi kinachofaa ni *geuza*, kwa kuwa pande zote mbili husukumwa na umeme.

Tofauti hii huonekana zaidi katika skrini zenye hali mbili tulivu, kama ile iliyobuniwa Malvern, Uingereza, katika miaka ya 1990, ambayo ilitumika kwenye vibao vya bei madukani. Uso wake wa ndani una mifereji midogo inayoziruhusu molekuli kutulia katika mojawapo ya mipangilio miwili. Mpigo mfupi wa umeme huchagua mpangilio kwa ishara yake, kisha umeme hukatwa na bei hubaki ikisomeka. Anayetafsiri mwongozo wa kibao hicho akaandika *kimezimwa* pale umeme ulipokatwa atamfanya fundi atarajie kibao kitupu, na akikuta bei ya jana bado ipo atadhani ni hitilafu.

Mifano

- *Mpigo chanya hugeuza nukta kuwa nyeusi, na mpigo hasi huirudisha kuwa nyeupe.*
- *Umeme ukikatwa, picha hubaki.* Epuka: *Umeme ukikatwa, skrini huzimika*, isipokuwa kwa skrini za kawaida.
- *Athari ya fleksoelektriki hubadilika ishara pamoja na uga.*

Ngeli na upatanisho

*Fuwele kioevu* hufuata ngeli ya *fuwele*: *fuwele kioevu hii, fuwele kioevu hizi*. Neno *kioevu* hutaja aina, nalo halibadiliki katika wingi, kama *mwitu* lisivyobadilika katika *mbwa mwitu wengi*. Usiandike *fuwele vioevu*. Wanaopendelea *kimiminika* badala ya *kioevu* na wafuate kanuni hiyohiyo, mradi neno moja litumike tangu mwanzo hadi mwisho wa matini.

Tahadhari

Katika mazungumzo *kioo* huitwa skrini nzima, kama katika *kioo cha simu*. Katika matini ya kitaalamu neno hilo huleta utata, kwani fuwele kioevu hukaa katikati ya vioo viwili. Tumia *skrini* kwa kifaa kizima, na *kioo* kwa bamba lake.

Linganisha: *piezoelektriki, fuwele, uga wa umeme, msokoto.*