Kiigizi cha urubani mtandaoni (Mbeya na Iringa)

Kiigizi cha urubani mtandaoni ni programu ya kurusha ndege juu ya dunia ya kidijitali kupitia kivinjari, bila kusakinisha chochote. Kinachofahamika zaidi ni GeoFS, kazi ya Xavier Tassin, kilichoanza kwa kutegemea Google Earth kabla ya kuhamia mfumo wa Cesium.

Katika Nyanda za Juu Kusini za Tanzania, safari inayovutia kuliko zote ni ya Songwe hadi Nduli, uwanja wa Iringa, takriban kilomita 300 kwa mstari ulionyooka. Songwe, uwanja uliofunguliwa 2012 kuchukua nafasi ya ule wa mjini Mbeya, uko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari. Ukielekea mashariki, mlima Loleza uko kushoto na mlima Rungwe mbele kulia, kwa hiyo panda mapema. Fuata barabara ya TANZAM: kushoto linafunguka bonde la Usangu na majaruba ya mpunga ya Mbarali, halafu baada ya Makambako msitu wa kupandwa wa Sao Hill, mipaka yake imenyooka kabisa. Iringa inatokea juu ya mteremko wa mto Ruaha Mdogo.

Picha za setelaiti za Sentinel-2 zinazotumika kwenye GeoFS, zenye nukta ya mita 10, zinaonyesha milima na mashamba vizuri. Paa la nyumba ya kijijini halionekani, na kwa anayetafuta kwao hilo ni pengo kubwa.