Longonot na Hell's Gate: Ziara ya siku moja katika nchi ya volkeno

MSAFIRI aondokaye Nairobi alfajiri anaweza kukwea mlima wa volkeno, kuendesha baiskeli katikati ya makundi ya pundamilia na kurejea nyumbani jioni. Ziara hiyo ni ya Longonot na Hell's Gate, mbuga mbili zilizo karibu na mji wa Naivasha, Kaunti ya Nakuru.

Barabara inayopitia Rironi huteremka ukingo wa Bonde la Ufa hadi Mai Mahiu, jina la Kikuyu lenye maana ya maji moto. Kando ya mteremko lipo kanisa dogo lililojengwa mwaka wa 1942 na Waitaliano, mateka wa vita waliotumiwa kujenga barabara hiyo.

Longonot, wenye kimo cha mita 2,776, ulifanywa mbuga ya taifa mnamo 1983. Njia ya kilomita tatu hivi humfikisha mpandaji kwenye ukingo wa kasoko, ambayo ndani yake umestawi msitu. Kuuzunguka ukingo wote ni kilomita saba zaidi za kupanda na kushuka juu ya majivu laini yanayoteleza. Inakadiriwa kwamba mlima huo ulilipuka mara ya mwisho katika miaka ya 1860, na mvuke ungali ukifuka katika baadhi ya nyufa zake. Inafaa kuupanda mapema kabla ya jua kuwa kali, na kubeba maji ya kutosha.

Alasiri ni zamu ya Hell's Gate, mbuga iliyoanzishwa mwaka wa 1984 na yenye ukubwa wa kilomita 68 mraba. Hii ni mojawapo ya mbuga chache nchini ambako wageni huruhusiwa kutembea kwa miguu au kwa baiskeli. Karibu na lango la Elsa husimama Fischer's Tower, mnara wa mwamba wa volkeno uliopewa jina la mpelelezi Mjerumani Gustav Fischer, aliyepita huko mnamo 1883. Mbele zaidi ni Olkaria, ambako joto lile lile la ardhini limezalisha umeme tangu 1981.

Hata hivyo, kivutio kikuu cha mbuga hiyo ndicho chenye hatari kubwa zaidi. Korongo la Ol Njorowa lilichongwa na maji yaliyofurika kutoka ziwa la kale la Naivasha, na kuta zake ni ndefu na zimekaribiana sana. Mvua ikinyesha mbali, maji hujaa humo ghafla ingawa anga iliyo juu ya mgeni ni safi. Mnamo Aprili 2012 mafuriko yaliwaua vijana saba waliokuwa katika ziara ya kanisa. Septemba 2019 watu wengine saba walisombwa wakafa, na korongo likafungwa.

Kwa hivyo, kabla ya kuliendea korongo, mgeni awaulize maafisa wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) iwapo linaruhusiwa kuingiwa siku hiyo. Asishuke bila mwelekezi, na wingu likitanda upande wowote, aahirishe. Ziara haitapungua utamu: Longonot peke yake inatosha kuijaza siku.