Ajali ya gari na raha iliyopotea: je, mtu anaweza kudai fidia?

Mtu akigongwa na gari huko Goma, Bukavu, Butembo au Uvira, familia hufanya hesabu mbili upesi. Ya kwanza ni ya hospitali: dawa, picha ya radio, chumba, chakula cha mgonjwa na cha wanaomlinda. Ya pili ni ya siku za kazi zilizopotea. Kuna hesabu ya tatu ambayo husahauliwa karibu kila mara, na pengine mgonjwa mwenyewe huona haya kuitaja. Kijana alicheza mpira kila Jumamosi, na sasa goti halikunji. Mama aliimba sauti ya kwanza katika kwaya, na tangu mbavu zivunjike pumzi haifiki mwisho wa mstari. Mzee alizoea kuogelea ziwani Kivu kila asubuhi, na leo anakaa ukingoni akiwatazama wengine.

Je, hasara hiyo inaweza kudaiwa mbele ya sheria? Wapendwa wasomaji, jibu ni ndiyo. Lakini inadaiwa kwa namna yake, na wengi huikosa kwa sababu hawajui namna hiyo. Wengine huikosa kwa sababu walitia sahihi mapema mno.

Si kila saa inalipwa

Kwanza tutenganishe mambo mawili. Jumapili moja uliyokosa matembezi kwa sababu gari lako lilikuwa gereji ni usumbufu, na ni vigumu sana kuupatia fedha. Sheria za nchi nyingi haziuzi saa za mapumziko moja moja kama mtu anavyouza kilo za maharagwe. Kinachopewa uzito ni uwezo uliovunjwa pamoja na mwili: ulikuwa unaweza kufanya jambo fulani lililokupa furaha, ulikuwa unalifanya kweli, na sasa huliwezi tena, au unaliweza kwa shida, au ulikaa miezi mingi bila kuliweza.

Hasara hii si sawa na mshahara. Mwalimu aliyerudi darasani baada ya wiki tatu, akalipwa mshahara wake wote, bado anaweza kuwa amepoteza kitu kikubwa ikiwa hawezi tena kupiga ngoma. Mwanafunzi, mzee wa pensheni na mama wa nyumbani, ambao hawana karatasi ya mshahara, nao wana dai hili sawa na wengine. Kwa maoni yetu hapo ndipo ubora wake ulipo: linamhesabu mtu aliye mtu, wala si mfanyakazi tu.

Sheria ya Congo inasema nini

Msingi uko katika kitabu cha tatu cha sheria yetu ya kiraia, kilichotokana na dekreti ya tarehe 30 Julai 1888 juu ya mikataba. Artikeli ya 258 inamlazimisha yeyote ambaye kosa lake limemletea mwenzake hasara kuirekebisha hasara hiyo. Artikeli ya 259 inaongeza uzembe na kutojihadhari. Artikeli ya 260 inakwenda mbali zaidi: mtu anajibu pia kwa ajili ya wale walio chini yake na vitu anavyovitunza. Kwa hiyo tajiri aliyemtuma dereva hawezi kusema tu kwamba yeye hakuwa kwenye usukani.

Ukisoma artikeli hizo utaona kwamba hazitoi orodha ya hasara. Neno la burudani halimo, na neno la maumivu halimo vilevile. Waamuzi wetu huzoea kutenganisha hasara ya mali na hasara ya moyo, ile ambayo mawakili huandika kwa Kifaransa préjudice moral. Raha iliyopotea huingia katika fungu hili la pili. Kiasi chake hakina risiti, basi mwamuzi hukipima kwa haki na busara yake, na katika hukumu utasoma maneno ya Kilatini ex aequo et bono.

Kutokana na hilo tunatoa shauri moja la kazi. Wakili wako asiandike fungu moja kubwa lenye jina la hasara ya moyo na tarakimu chini yake. Aandike maumivu peke yake, kovu la uso peke yake, na raha iliyopotea peke yake, akieleza ni raha gani. Mwamuzi anayepima kwa busara anahitaji kitu cha kupima.

Njia zenyewe ni mbili, na mara nyingine zinakutana. Kumjeruhi mtu bila kukusudia ni kosa la jinai, na artikeli ya 54 ya sheria ya makosa inaweka kifungo cha siku 8 hadi mwaka 1 pamoja na faini. Parke ikipeleka kesi mbele ya tribinali ya amani, aliyeumia anaweza kujiunga kama partie civile na kuomba fidia yake papo hapo. Lakini tuangalie kalenda: kwa kosa ambalo adhabu yake haipiti mwaka 1, mashtaka ya serikali yanakufa mwaka 1 ukiisha. Familia inayosubiri mguu upone vizuri ndipo ianze kwenda parke inaweza kukuta mlango umefungwa. Kesi ya kiraia peke yake ina kanuni nyingine za muda, na hapo wakili ndiye wa kuulizwa, mapema.

Njia ya pili ni asiransi, ambayo wengine huiita bima. Tangu sheria ya tarehe 5 Januari 1973, kila gari linatakiwa kuwa na asiransi ya kuwalipa wale litakaowaumiza. Kwa miaka mingi SONAS peke yake ndiyo iliyofanya kazi hiyo. Sheria namba 15/005 ya tarehe 17 Machi 2015 ilifungua mlango kwa kampuni nyingine, na tangu 2019 kampuni binafsi zimepewa ruhusa. Maana yake kwa aliyeumia ni kwamba siku ile ile ya ajali, mtu mmoja wa familia anakili jina la kampuni, namba ya cheti na tarehe ya mwisho wake. Bila hayo utazunguka ofisi nyingi bure.

Wenzetu walivyolipima jambo hili

Sheria yetu ina mizizi Ubelgiji, na mawakili wetu wanasoma sana vitabu vya Ufaransa. Huko hasara hii ina jina lake, préjudice d'agrément. Mwaka 2005 kundi la wataalamu lililoongozwa na mwamuzi Jean-Pierre Dintilhac lilipanga orodha ya hasara za mwili ambayo mahakama za Ufaransa zinaitumia hadi leo. Ndani yake raha iliyopotea ina mstari wake, lakini mstari mwembamba: ni shughuli maalumu ya michezo au burudani ambayo mtu aliifanya kwa kawaida. Tarehe 28 Mei 2009 mahakama ya juu, Cour de cassation, ilitenga hasara hiyo na ile ya jumla ya kuishi na mwili uliopungua. Na tarehe 29 Machi 2018 ikakubali kwamba si lazima shughuli iwe imekatika kabisa. Anayeendelea, lakini kwa kiasi kidogo kuliko zamani, naye amepoteza.

Miezi ya kulala kitandani kabla ya kupona inahesabiwa huko katika mstari mwingine, wa upungufu wa muda. Tunataja hili kwa sababu watu wengi huchanganya vipindi hivyo viwili, kisha wanadai kitu kimoja mara mbili na kusahau kingine.

Waingereza walifuata njia nyingine, na Kenya, Uganda na Tanzania zikairithi: maumivu, mateso na kupoteza raha za maisha hupimwa pamoja. Mwaka 1963, katika kesi ya West na Shephard, baraza la juu la Uingereza lilijiuliza juu ya mwanamke aliyegongwa na lori, ubongo wake ukaumia hata akawa karibu hatambui kitu. Je, alipwe raha ambayo hajui kwamba ameipoteza? Wengi wa waamuzi walisema ndiyo, na paundi 17,500 alizopewa zikabaki. Mwaka 1989 mahakama ya juu ya New York, katika kesi ya McDougald na Garber, ilijibu kinyume: lazima mtu awe na utambuzi fulani, na raha iliyopotea isipigiwe hesabu mbali na maumivu. Sisi tunaona Waingereza walikuwa karibu zaidi na ukweli. Aliyenyang'anywa akiwa usingizini amenyang'anywa.

Kwa ndugu zetu waliohamia Marekani jambo hili lina uzito, maana kila jimbo lina kanuni zake, na mtu wa asiransi anaweza kupiga simu siku chache tu baada ya ajali akiwa na hundi mkononi. Kwa wale wanaofanya biashara Kenya, wakumbuke kwamba dai la kuumizwa kwa uzembe lina miaka 3 tu.

Uthibitisho

Dai hili linasimama au kuanguka hapa. Kusema "nilipenda michezo" hakutoshi, kila mtu alipenda michezo. Mwamuzi atauliza: ulicheza wapi, na nani, mara ngapi, hadi lini?

Makanisa yetu yana uthibitisho mwingi kuliko tunavyodhani. Kwaya ina daftari la mahudhurio ya mazoezi. Timu ya vijana ina majina ya wachezaji na picha zenye tarehe katika simu za watu. Kiongozi wa kwaya anaweza kuandika kwamba dada huyu alihudhuria mazoezi Jumatano na Jumamosi tangu mwaka fulani, na tangu ajali hajaweza. Mchungaji naye anaweza kuandika, lakini aandike alichokiona. Barua ya mchungaji inayomsifu mtu tabia njema na uaminifu katika sadaka haisaidii kitu hapa. Na mchungaji anayethibitisha mazoezi ambayo hayakuwepo atamharibia ndugu yake hata sehemu ya dai iliyokuwa kweli.

Halafu daktari. Cheti cha kawaida kinataja mfupa uliovunjika na siku za kupumzika, basi. Mwombeni aandike pia tendo lenyewe: hawezi kukimbia, hawezi kuinua mkono juu ya bega, hawezi kusimama zaidi ya dakika fulani. Kati ya mfupa wa cheti na mpira wa Jumamosi lazima kuwe na daraja, na daraja hilo ni sentensi ya daktari. Mgonjwa mwenyewe, au mtoto wake ajuaye kuandika, aweke daftari dogo la tarehe: siku fulani nilijaribu, nilishindwa hivi.

Karatasi ya kuelewana

Ajali nyingi kwetu hazifiki tribinali. Wazee wa pande mbili wanakaa, dereva analipa hospitali, anaongeza kitu kidogo, karatasi inaandikwa. Hatuilaumu njia hii. Mara nyingi ni ya haraka na inaokoa ujirani. Hatari iko katika maneno ya mwisho ya karatasi, yale yanayosema kwamba aliyeumia hatadai tena kitu chochote. Akiyatia sahihi wiki ya pili, mguu ungali ndani ya plasta, ameuza asichokijua bado. Ni afadhali karatasi iseme kwamba fedha hizi ni za matibabu ya sasa, na kwamba mengine yatazungumzwa daktari atakaposema jeraha limetulia.

Hapo ndipo neno la msamaha huletwa, tena mara nyingi na sisi watumishi: ndugu, samehe, yaishe. Kutoka 21:18-19 panamzungumzia mtu aliyempiga mwenzake akalala kitandani. Mpigaji anaachiliwa adhabu, lakini lazima alipe muda ule wa kukaa na kumwuguza mpaka apone. Kuachiliwa na kulipa vimewekwa katika mistari ile ile. Tusiilazimishe aya hii kusema zaidi. Walimu wa Kiyahudi, katika Mishna, walihesabu mambo matano ya kulipwa: kiungo, maumivu, uganga, kukaa bure na aibu. Kule kukaa bure walikuelewa kuwa kazi iliyopotea, hata wakakipima kwa ujira wa mlinzi wa shamba la matango. Burudani hawakuitaja. Lakini maumivu na aibu, vitu visivyo na risiti, walivitaja, na hakuna aliyewaambia ni tamaa ya fedha.

Jambo la mwisho linahusu magari ya kanisa. Tuna magari ya misheni, ya hospitali, ya shule, na artikeli ya 260 haimwondoi mwajiri aliye kanisa. Kamati ya parokia iangalie tarehe ya cheti cha asiransi kabla gari halijatoka kwenda semina. Na likimgonga mtu, taarifa iende kwa kampuni ya asiransi upesi, wala usitumwe ujumbe wa wazee wenye mfuko wa mchele, maombi, na karatasi ya kutia sahihi.