Kibwagizo cha "Ndio Mzee"

Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo alipoeleza desturi za Waswahili, katika kitabu kilichochapwa Göttingen mwaka 1903 kwa uhariri wa Carl Velten, hakuziacha nje ngoma na nyimbo zake. Asingeweza. Mrima wote, toka Bagamoyo na Saadani hadi Pangani, ulizoea kuyasema makubwa yake kwa wimbo na shairi. Hata vita vya Abushiri bin Salim na Bwana Heri dhidi ya Wajerumani vilitungiwa utenzi na Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, wakiwapo bado walioviona kwa macho.

Karne moja baadaye, kiasi cha kilomita 70 kusini mwa Bagamoyo, ilitoka kanda iliyoamsha upya mazoea hayo bila kuyataja. Ni "Machozi, Jasho na Damu" ya Joseph Haule, aitwaye Professor Jay, iliyotolewa Dar es Salaam mwaka 2001 na kupikwa katika studio ya Bongo Records chini ya P-Funk Majani. Kufoka kwa Kiswahili kulikuwa na umri wa miaka kumi hivi. Mwaka 1991 Saleh Jabir alikuwa amevaa mdundo wa Vanilla Ice na kuujaza maneno ya Kiswahili, kisha redio za binafsi zikaeneza sauti hizo. Lakini wazee wengi waliendelea kuuita muziki huo uhuni.

Wimbo uliowageuza ni "Ndio Mzee". Mgombea amesimama jukwaani, anaahidi mambo yasiyowezekana, kila ahadi ikiipita iliyotangulia kwa upuuzi, na umati unamwitikia kwa maneno mawili yale yale. Msanii hamtukani kiongozi wala hamhukumu, anamwacha aseme. Msumari umo katika kiitikio. Anayechekwa ni mwenye kuahidi, naam, lakini pia ni yule anayeitika, na msikilizaji huling'amua hilo akiwa amekwisha kuitika mara tatu nne pamoja na kanda. Mjuzi wa mashairi ya pwani ataitambua hila hii: kibwagizo kinachorudi kikiwa kile kile, huku maana yake ikizidi kuchacha ubeti hata ubeti.

Hapa pana jambo la kuwachekesha wapenzi wa arudhi. Euphrase Kezilahabi alipotoa "Kichomi" mwaka 1974, wanamapokeo walilia kwamba vina vinazikwa. Mlango wa shairi huru ulifunguliwa na wasomi wa chuo kikuu. Waliovirudisha vina masikioni mwa umma ni vijana wa vijiweni, ambao wengi wao hawakupata kufundishwa kuhesabu mizani. Ni kweli kwamba mizani yao hushikwa na ngoma badala ya silabi, na mkali wa kanuni ana haki ya kulalamika. Ni kweli pia kwamba majigambo ya baadhi ya nyimbo za kanda ile yamechuja, na misemo kadhaa ya mitaani imekufa. "Ndio Mzee" haijachuja.

Wimbo huo ulizaa mwenziwe, "Siyo Mzee", ambamo umati unakataa kuitika. Uzao wake haukuishia kwa mtunzi mmoja. Machi 2017 Nay wa Mitego alikamatwa kwa ajili ya wimbo wake "Wapo", ukapigwa marufuku, kisha Rais John Magufuli akaagiza aachiwe na wimbo upigwe. Tungo za namna hiyo zilikuwa zimepata uzito wa kumfikisha mtu rumande na kuzungumzwa Ikulu.

Naye Joseph Haule, mwaka 2015, alipanda jukwaani kwa jina lake mwenyewe kuwaomba kura watu wa Mikumi. Walimwitikia, akakaa Bungeni hadi 2020, kura zilipomwangusha.